Walale Wapi Mbwa wa Kazi?

Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, walisema wahenga. Ila hawakutuambia dhiki ikishakwisha rafiki huyo alale wapi. Swali hilo limenikaa kichwani muda mrefu, na leo nimeonelea nilimwage hapa tulitazame pamoja, ndugu msomaji. Linahusu mbwa. Si mbwa wa mlinzi, wala wale wanaopita mitaani usiku wakipekua majalala. Ni mbwa wa nchi za barafu wanaovuta sleji, kile chombo kisicho na magurudumu kinachoteleza juu ya theluji kikiwa na mtu na mzigo wake.

Mshikaji mmoja kijiweni alinicheka. “Wewe bwana umekosa cha kuandika? Theluji hujaiona hata kwenye jokofu, mbwa wa barafu wanakuhusu nini?” Nikamwambia wananihusu kwa sababu natunga riwaya, na nimegundua kwamba watunzi tuna tabia moja. Tunapenda safari, hatupendi kuuliza habari za kesho yake. Tangu Jack London alipotoa The Call of the Wild mwaka 1903, dunia nzima imewasoma mbwa hawa wakikimbia porini chini ya nyota. Lakini mbwa hakimbii siku zote. Akifunguliwa hatamu ana mahali pa kurudi, na mahali hapo siku hizi kuna majirani.

Tuanze na dhiki yenyewe. Januari 1925, katika mji mdogo wa Nome huko Alaska, watoto walianza kufa kwa dondakoo. Dawa iliyokuwapo ilikuwa imepitwa na muda wake. Bahari ilikuwa imeganda, meli haziwezi kufika, na ndege za wakati ule hazikuaminika kwenye baridi kali namna ile. Basi seramu ikaletwa kwa garimoshi hadi Nenana, na kutoka hapo ikapandishwa kwenye sleji. Waendeshaji 20 na mbwa wapatao 150 walipokezana kwa maili 674, karibu kilometa 1,085, mchana na usiku. Tarehe 2 Februari dawa ikaingia Nome. Hazikutimia hata siku sita.

Kundi lililofika mwisho liliongozwa na mbwa aitwaye Balto. Desemba ya mwaka uleule sanamu yake ya shaba ikasimamishwa Central Park, katikati ya New York. Sasa sikiliza kilichofuata. Balto na wenzake walizungushwa kwenye maonyesho ya kulipia kiingilio, wakapita mikono ya huyu na yule, na mwaka 1927 walikutwa Los Angeles ndani ya jumba la vioja, hali zao dhalili. Mfanyabiashara mmoja wa Cleveland akaanzisha mchango, watoto wa shule wakatoa senti zao, dola 2,000 zikapatikana. Mbwa saba wakapelekwa Cleveland, wakatunzwa kwenye bustani ya wanyama, na huko ndiko Balto alikofia mwaka 1933. Mimi nikifikiria habari hii naona kitu kimoja tu: sanamu ilipata kiwanja mjini, mbwa mwenyewe hakuwa na pa kulala.

Hata hivyo sitaki tudanganyane. Kukaa jirani na mbwa wa sleji si mchezo. Mwendeshaji mmoja anaweza kuwa na mbwa 20, 30, hata zaidi. Kila mbwa ana kigingi chake, mnyororo wake na kibanda chake. Akianza mmoja kutoa ule mlio mrefu, wote wanaitikia kama kwaya. Wakiona hatamu zinatolewa ndiyo balaa kabisa, kwa sababu mbwa hawa wanapenda kazi, kila mmoja anapiga kelele achukuliwe yeye. Ongeza kinyesi cha mbwa 30, ambacho theluji ikiyeyuka hujitangaza chenyewe. Sasa fikiria wewe umetoka zamu ya usiku, au una mtoto mchanga, au unaumwa. Utasema mbwa wana haki? Utasema nyamazisheni hao!

Hapo ndipo mipango miji inapoingia. Katika baadhi ya maeneo ya Alaska, mtu akitaka kufuga mbwa wengi lazima aombe kibali. Maofisa hutazama ramani ya matumizi ya ardhi, huangalia kiwanja kina ukubwa gani na mabanda yatakuwa umbali gani kutoka mpaka wa jirani, kisha wananchi huitwa wakaseme yao. Na kumbuka hii ni Alaska, ambako mbio za sleji ni mchezo rasmi wa jimbo tangu 1972. Mnazipenda mbio, mnanunua kofia zenye picha ya mbwa, lakini mbwa wenyewe mnapanga wasikike.

Mfano mzuri ni Iditarod, yale mashindano makubwa ya sleji yanayomalizikia Nome tangu 1973. Ufunguzi wa sherehe hufanyika Anchorage, na kwa miaka mingi mwanzo wenyewe wa mashindano ulikuwa Wasilla. Lakini nyumba na barabara ziliongezeka Wasilla, theluji nayo ikawa haiaminiki, na mwaka 2008 mwanzo ukahamishiwa rasmi Willow, kaskazini zaidi. Mwaka 2016 theluji ililetwa Anchorage kwa garimoshi kutoka Fairbanks, ili mbwa wapite barabarani watu wapige makofi. Yaani mji umefika mahali pa kuagiza theluji kwa ajili ya siku moja ya mbwa. Siku zilizobaki, mbwa atafute pengine.

Greenland hali ina sura yake. Kule ardhi haina mwenyewe. Hakuna anayenunua kiwanja kikawa mali yake; mtu hupewa haki ya kukitumia, na mamlaka ya eneo ndiyo inayogawa. Mbwa wa sleji wanafugwa hasa kaskazini ya Mstari wa Aktiki na upande wa mashariki, na katika eneo hilo ni marufuku kuingiza mbwa wa aina nyingine, ili damu isichanganyike na maradhi yasiletwe. Ukienda mji wa Ilulissat, jirani na ile ghuba ya barafu iliyotambuliwa na UNESCO mwaka 2004, utawakuta wengi wamefungwa katika maeneo yaliyotengwa pembezoni mwa mji. Watoto wa mbwa huachwa wazurure. Mbwa mkubwa lazima awe na mnyororo, na sheria hiyo ina sababu nzito: mbwa hawa wakiwa huru wamewahi kuua watoto wa watu. Mzazi wa Greenland hahitaji mtu wa kumfundisha kwa nini pawepo umbali.

Lakini umbali una bei, na bei hiyo hailipwi na wote sawa. Mwindaji aliyekuwa akitoka mlangoni na ndoo ya chakula, sasa anasafiri kwenda kulisha, giza la majira ya baridi likiwa limetanda, na kesho yake anarudia tena. Mbwa akiumwa usiku, hajui mpaka asubuhi. Mtoto aliyekuwa anajifunza kufunga hatamu huku anamsubiri mama amwite kula, sasa mbwa anawaona siku za mapumziko tu. Mwaka 2002 Greenland ilikuwa na mbwa wa sleji wapatao 25,000. Mwaka 2020 walikuwa kama 13,000. Sisemi ni ramani iliyowapunguza. Barafu ya bahari imekuwa nyembamba, pikipiki za theluji zimeingia, maradhi nayo yamepita. Ninachosema ni kwamba kazi inayokata pumzi kwa sababu nyingine inaweza kuzimwa kabisa na kitu kidogo, kama kilometa mbili za ziada kila siku.

Kuna habari moja kutoka visiwa vya Svalbard, vilivyo chini ya Norwe, iliyonifurahisha sana. Nje ya mji wa Longyearbyen, kwenye bonde la Adventdalen, kuna uwanja wa mbwa wa sleji. Kila majira ya kiangazi bata wa baharini wanatoka huko wanakojua wao na kuja kutaga mayai karibu kabisa na mbwa hao. Wameona nini? Wameona kwamba mbweha, mwizi mkubwa wa mayai, anaogopa mbwa. Na mbwa amefungwa, hawezi kumfikia bata. Basi bata wamepima umbali wao wenyewe: karibu kiasi cha kulindwa, mbali kiasi cha kutoliwa. Hawakuuliza tu kero iko wapi, waliuliza na faida iko wapi. Mimi nadhani hapo bata wamewazidi wapangaji wengi wa miji.

Sasa turudi kwa binadamu na swali lao la siku zote: nani alitangulia? Mwenye mbwa atasema, mimi nilikuwa hapa kabla ya nyumba zenu. Neno zuri, lakini mahakamani halitoshi. London, mwaka 1879, ilikuwapo kesi ya mtengeneza peremende na daktari. Mtengeneza peremende alikuwa anatwanga kwa vinu vyake kwa zaidi ya miaka 20. Daktari, jirani yake, akaja kujenga chumba cha kutazamia wagonjwa mwishoni mwa bustani yake, ubavuni mwa vinu, kisha akalalamika kelele. Daktari akashinda. Kutangulia, ilisemwa, si ruhusa ya kumkera jirani.

Lakini mwaka 1972, katika jimbo la Arizona, Marekani, ilitolewa hukumu nyingine inayohusu ng'ombe. Kampuni ya Spur ilikuwa na mazizi makubwa nje kabisa ya mji. Kampuni ya ujenzi ya Del Webb ikajenga mji wa wastaafu, Sun City, nyumba zikasogea, zikasogea, mpaka zikakutana na harufu na nzi. Mahakama Kuu ya jimbo ikasema ng'ombe waondoke, kwa sababu afya ya watu haichezewi. Ila gharama ya kuhama alipe Del Webb, maana ndiye aliyewaleta watu mahali palipokuwa na ng'ombe. Nilipoisoma habari hiyo nilipiga meza. Kumbe inawezekana! Kumbe mtu anaweza kuambiwa ondoka bila kuambiwa kwamba hana thamani.

Nalisema hili kwa uchungu kidogo kwa sababu mtaani kwetu kuna karatasi inapita. Chumba ninachoandikia kinatazamana na karakana ya fundi seremala, mzee aliyekuwapo tangu nyumba za hapa zikihesabika. Msumeno wa umeme unaanza saa moja asubuhi, na siku nyingine sentensi zangu zote zinatoka na vumbi la mbao. Majirani wanakusanya saini ahamishwe. Karatasi imenifikia, iko juu ya meza, ina mstari mmoja tu: aondoke. Haisemi aende wapi, wala nani atabeba mashine zake. Nusu ya vitanda vya mtaa huu katengeneza yeye. Hata meza iliyobeba karatasi hiyo ni kazi ya mikono yake. Sijaitia saini, na ilivyoandikwa hivyo sitaitia.

Kwa hiyo jibu langu kwa yule mshikaji wa kijiweni ni hili. Mbwa wa kazi hastahili kulala dirishani kwa mtoto mchanga. Astahili kulala mahali ambapo mwenyewe anaweza kumfikia, penye maji, penye njia ya kutokea kwenda kazini bila kukatiza barabara kumi. Idadi iwekwe, kinyesi kizolewe, saa za kulisha zijulikane. Anayeuza nyumba jirani na uwanja wa mbwa amwambie mnunuzi kabla hajatoa hela, siyo akishahamia ndipo asikie kwaya. Na mji ukitaka kuwasogeza mbwa kwa sababu umetanuka, mji uchangie kuwasogeza. Asiachiwe mwindaji mzigo wote, halafu miaka 20 baadaye tukamjengea sanamu.

Vijana wenzangu, baadhi yetu kesho tutakuwa madiwani, wengine maofisa wa ardhi, na wengine, Mungu akipenda, watunzi wa vitabu. Kuna siku ramani italetwa mezani, na mtu ataweka rula juu yake achore mstari kati ya nyumba na kelele. Mwulizeni swali moja kabla wino haujakauka: huyu unayemweka upande wa pili, atafika vipi kazini kesho asubuhi?