Mgeni Katika Msiba wa Wajamaika

Askari au mtumishi wa serikali anayepelekwa masomoni ng'ambo hupewa maelezo mengi kabla ya kusafiri. Huambiwa achukue nguo za namna gani, abadilishe fedha wapi, na ajihadhari na nini. Lakini jambo moja aghalabu husahauliwa, nalo ni namna ya kuingia katika nyumba yenye msiba. Kifo hakingoji mgeni amalize masomo yake. Siku moja mwenye nyumba uliyopanga hufiwa na mama yake, au mwenzako wa darasani humpoteza kaka yake, nawe huna budi kwenda. Wiki hii tutazame nchi moja ambako mtu wa kwetu anaweza kukosea kwa urahisi mno, kwa sababu atakayoyaona msibani yatamfanya adhani kwamba hakuna anayeomboleza. Nchi hiyo ni Jamaika.

Jamaika ni kisiwa katika Bahari ya Karibi, chenye eneo la karibu kilomita za mraba 11,000. Ziwa Viktoria linaweza kukimeza kisiwa hicho mara sita. Wakazi wake ni karibu milioni 2.8, na walio wengi wana asili ya Afrika. Waingereza walikinyakua kutoka kwa Wahispania mwaka 1655, wakakijaza mashamba ya miwa, na Waafrika waliotekwa wakaletwa kuyalima. Utumwa ulifutwa kisheria tarehe 1 Agosti 1834, ingawa watumwa hawakuwa huru kabisa mpaka tarehe 1 Agosti 1838. Taifa lenyewe lilipata uhuru tarehe 6 Agosti 1962, miezi miwili tu kabla ya Uganda.

Bila kuikumbuka historia hiyo huwezi kuuelewa msiba wao. Wengi wa watumwa wale waliamini kwamba roho ya aliyekufa huvuka bahari na kurudi Afrika. Kwa mtu aliyefungwa minyororo, kufa kulikuwa ni kwenda nyumbani. Ndugu zake walimlilia kwa kuwa wamempoteza, na papo hapo walimwimbia kwa kuwa amefunguliwa. Mabwana wa mashamba waliiogopa mikusanyiko hiyo. Baada ya uasi ulioongozwa na Tacky mwaka 1760, ilipitishwa sheria ya kuzuia mikusanyiko ya watumwa na upigaji wa ngoma. Hata hivyo mikesha ya msiba haikukoma, na mpaka leo kilio na wimbo hukaa pamoja katika ua mmoja.

Jambo la kwanza litakalomshangaza mgeni ni kuchelewa kwa maziko. Kwetu, na hasa kwa ndugu zetu Waislamu, maiti huzikwa siku ile ile au siku ya pili. Jamaika, mwili huweza kuhifadhiwa wiki mbili, tatu au zaidi. Sababu yake si uzembe. Mwaka 1948 meli iitwayo Empire Windrush iliwapeleka mamia ya watu wa Karibi nchini Uingereza kutafuta kazi, wengi wao Wajamaika, na tangu hapo wengine wengi wamehamia huko, Marekani na Kanada. Ni vigumu kuipata familia isiyo na mtoto au ndugu ng'ambo, na ni aibu kumfukia mama kabla mwanawe aliyeko London au New York hajafika. Ndiyo maana maziko mengi hupangwa siku ya Jumamosi au Jumapili, baada ya wasafiri kuwasili.

Katika siku hizo za kungoja, nyumba ya msiba haiachwi tupu. Kila jioni majirani huja. Wengine huleta mkate, sukari, kahawa au samaki wa kukaanga. Wengine huleta mikono yao tu, wakapasua kuni na kuosha vyombo. Wanaume huketi mezani wakicheza dhumna na kuyapiga mawe kwa kishindo. Hadithi za marehemu husimuliwa, zikiwamo zile za ukaidi na vituko vyake, na watu hucheka mpaka wakashika mbavu. Mgeni aliyezoea kuingia msibani kwa kunyamaza na kuinamisha kichwa hushtuka, akajiuliza kama hawa ni wafiwa kweli.

Kilele cha mikesha hiyo ni usiku wa tisa. Kwa desturi ya kale ulihesabiwa tangu siku ya kifo. Siku hizi familia nyingi huufanya usiku wa kuamkia maziko, hata kama siku tisa zimekwisha kupita zamani. Imani ya asili ni kwamba mzimu wa marehemu, ambao Wajamaika huuita dapi, huzungukazunguka nyumbani kwake mpaka usiku huo, ndipo uagwe rasmi. Huandaliwa meza ya vyakula alivyovipenda marehemu, na kwa mujibu wa mila hakuna anayeigusa kabla ya saa sita ya usiku. Kisha chumba chake hupangwa upya: kitanda huhamishwa, godoro hugeuzwa, ili mzimu ukirudi usikitambue na uende zake. Si kila Mjamaika anaamini hayo. Wapo Wakristo wanaoyakataa kabisa, na wapo wanaoyafanya kwa kuwa bibi zao waliyafanya. Mgeni hatakiwi kuuliza nani anaamini na nani haamini.

Nyimbo za usiku huo nyingi ni za kanisani. Wajamaika huziita kwa jina la Sankey, Mmarekani aliyezikusanya na kuzieneza katika karne ya 19. Mtu mmoja husoma mstari kwa sauti, na umati huudaka na kuuimba kwa kuuvuta polepole. Desturi hiyo ilianza zamani, wakati wengi hawakujua kusoma na vitabu vilikuwa haba. Hapa mgeni wetu ana bahati, maana nyimbo nyingi za mkusanyo huo zilitafsiriwa kwa Kiswahili na huimbwa katika makanisa yetu. Utasikia sauti unayoijua tangu utoto, nawe unaweza kuimba maneno yako bila kumkera mtu.

Penginepo utakuta ngoma. Katika wilaya ya Saint Thomas, mashariki ya kisiwa, kuna kizazi cha vibarua wa mkataba walioletwa kutoka Afrika ya Kati baada ya utumwa kufutwa, wengi wao wakiwa Wakongo. Hao ndio waliohifadhi Kumina, ibada ya ngoma ya kuwaita wahenga, ambayo hufanywa pia wakati wa misiba. Katika nyimbo zake yamo maneno ya Kikongo, na Mungu huitwa Zambi. Msomaji yeyote aliyewahi kuishi Kongo atalitambua jina la Nzambi. Mwanamke aliyeitangaza Kumina kuliko wote alikuwa Imogene Kennedy, aliyejulikana kwa jina la Queenie, ambaye alifariki mwaka 1998. Katika wilaya ya Saint Mary iko ngoma nyingine, Dinki Mini, inayochezwa makusudi ili kuwachangamsha wafiwa katika siku za kwanza za msiba.

Neno hilo "makusudi" ndilo la kushikwa. Kicheko cha ua ule ni kazi inayofanywa na jirani kwa ajili ya jirani. Mjane akiachwa peke yake na ukimya wa nyumba, atayasikia mawazo yake tu. Akizungukwa na watu wanaoimba, wanaobishana juu ya dhumna na wanaomkumbusha mambo ya mumewe, atalia, kisha atacheka, kisha atalia tena, na alfajiri itamkuta bado ana wenzake. Baganda wanapokusanyika kukomesha matanga, nao hula, hunywa na kucheza ngoma, na hakuna anayesema kwamba hawakumpenda marehemu wao.

Haifai hata hivyo kuficha upande wa pili. Mijini, na hasa Kingston, usiku wa tisa umekuwa mkubwa mno. Hukodishwa mahema na vipaza sauti virefu kama ukuta, huja watu wasiomjua marehemu hata kwa sura, na wazee hulalamika kwamba msiba umegeuka dansi. Chini ya sheria ya kuzuia kelele ya mwaka 1997, vipaza sauti vya hadharani huhitaji kibali cha polisi na havina budi kuzimwa saa sita ya usiku katika siku za kazi, na saa nane katika usiku wa kuamkia Jumamosi na Jumapili. Wasomaji wetu walio polisi watajua ugumu wa kumwambia mfiwa azime muziki wa kumwaga mama yake. Tena kuna gharama. Jeneza, kaburi, chakula, kinywaji na vijitabu vya ibada vyenye picha humeza akiba ya miaka, na familia nyingine hubaki na deni. Ndiyo maana Wajamaika wana vyama vya kuzikana, mfano wa munno mukabi tunaoujua sisi.

Siku ya maziko ibada huweza kuchukua saa mbili au zaidi. Mara nyingi jeneza huachwa wazi ili watu wapite wakimtazama marehemu kwa mara ya mwisho. Ndugu, wafanyakazi wenzake na watu wa kanisa lake husimama mmoja mmoja kumsifu. Vijijini wengi huzikwa katika ardhi ya ukoo, karibu na nyumba. Kaburi huchimbwa na kujengwa kwa saruji na wanaume wa kijiji, ambao hupikiwa na kupewa ramu, na tone la ramu humwagwa ardhini kabla ya jembe kuanza. Jeneza likiisha kushushwa watu hawatawanyiki. Husimama wakiimba huku mafundi wakiliziba kaburi kwa zege mpaka mwisho. Mahali pengine utaona mtoto mdogo akipitishwa juu ya jeneza, kutoka mikono ya mtu mmoja hadi mikono ya mwingine. Ni desturi ya kale ya kumkinga asisumbuliwe na mzimu wa aliyempenda.

Hamu ya kulazwa katika udongo wa nyumbani ni kubwa kwao. Marcus Garvey alifariki London mwaka 1940, lakini mwaka 1964 mabaki yake yalirudishwa na kuzikwa Kingston kwa heshima za taifa. Bob Marley alifariki Miami tarehe 11 Mei 1981. Baada ya mazishi ya kitaifa yaliyoendeshwa kwa taratibu za Kanisa la Orthodoksi la Ethiopia, alipelekwa katika kijiji alichozaliwa cha Nine Mile, na huko ndiko alikozikwa.

Sasa mgeni afanye nini? Kwanza, asingoje kualikwa. Kama kwetu, msiba hauna kadi, na kutofika ndiko kunakohesabiwa. Pili, asiende mikono mitupu. Kilo ya sukari, mkate, au bahasha yenye mchango mdogo inatosha. Tatu, amtafute mfiwa mkuu, amshike mkono na kusema maneno machache ya pole. Hotuba ndefu haihitajiki.

Nne, avae nguo za heshima. Nyeusi, nyeupe na zambarau ndizo zilizozoeleka, lakini siku hizi familia nyingine huchagua rangi aliyoipenda marehemu, kwa hiyo ni vema kuuliza mapema. Tano, apokee chakula anachopewa: supu ya kichwa cha mbuzi, mkate wa muhogo uitwao bami, mchuzi wa mbuzi wenye bizari, au wali uliopikwa kwa maharage na tui la nazi. Asiyetumia pombe, kwa dini au kwa hiari yake, anaweza kuikataa ramu kwa upole na kuomba kahawa; hakuna atakayekasirika. Asipige picha ya maiti wala ya mtu anayelia bila ruhusa, hata akiwaona wengine wakipiga.

Sita, na hili ni zito kuliko yote, asiwahukumu. Akikaa pembeni na uso wa kukunja, watamwona kama mtu aliyekuja kukagua uchungu wao. Akikaribishwa mezani kwa dhumna, acheze. Wengine wakiimba, aimbe. Akiulizwa kwao huzikaje, aeleze, maana Wajamaika wengi wana shauku ya kujua mambo ya bara walikotoka wahenga wao, na huenda mazungumzo hayo yakawa zawadi bora kuliko bahasha.

Jumapili ikipita, mahema hung'olewa, viti vya kuazima hurudishwa, na watoto waliotoka London na New York hupanda ndege kurudi kazini. Ua uliojaa nyimbo kwa wiki tatu hubaki na mjane na sufuria zake. Mgeni aliyeelewa msiba wa Wajamaika atabisha hodi Jumatano ile, bila sababu yoyote, akaketi nusu saa na kunywa kahawa. Vipaza sauti haviwezi kuifanya kazi hiyo, wala haihitaji kibali cha mtu.