Alikataa kufuta kauli

Mimi kila nikisikia mtu anaambiwa "futa kauli, mambo yaishe", namkumbuka Julian Bond.

Jamaa alizaliwa mwaka 1940 mjini Nashville, Marekani. Kule kila jimbo lina bunge lake, na mwaka 1965, akiwa na miaka 25 tu, alichaguliwa kuingia bunge la Georgia. Kabla hajaapishwa, SNCC, chama cha vijana wapigania haki alichokuwa akikifanyia kazi, kikatoa tamko la kupinga vita vya Vietnam. Bond akasema analiunga mkono. Balaa likaanza! Januari 1966 wabunge 184 walipiga kura asipewe kiti. Waliomtetea walikuwa 12 tu.

Unadhani alinywea? Thubutu! Wapiga kura wake wakamchagua tena, naye akaenda mahakamani. Desemba 1966 Mahakama Kuu ya Marekani, majaji wote kwa kauli moja, ikasema mbunge ana haki ya kutoa maoni yake. Januari 1967 akaapishwa, akadumu bungeni humo miaka 20. Alifariki mwaka 2015.

Kushinda kesi ni jambo kubwa, lakini ninachomhusudu mimi ni ule mwaka mzima wa kusota nje ya mlango na kauli yake ileile. Nimeajiriwa, bwana. Najua "ndiyo mzee" inavyotoka haraka mdomoni pale ugali unapokuwa hatarini. Kijana yule alikuwa na mke na watoto, na bado hakuitamka.