Senti kumi ya Babu ilivyonifunza kuuliza kabla ya kulipa

Babu yangu alizaliwa mwaka wa 1936, na kwa miaka mingi alifunga ufunguo wa chumba chake cha Kawangware kwenye uzi mmoja na sarafu ya senti kumi ya mwaka huo huo. Ilikuwa ya shaba nyeusi, yenye tundu katikati, moja ya zile zilizotumika Kenya, Uganda na Tanganyika enzi za ukoloni. Alipewa na mamake, naye alizoea kutuambia kwamba hicho ndicho cheti chake cha kuzaliwa.

Siku moja uzi huo ulipotea ndani ya matatu ya 46. Ufunguo ulichongwa mwingine, lakini sarafu haikuonekana tena.

Sikulijali sana jambo hilo hadi Babu alipougua na kulazwa. Nilipokwenda kumjulia hali aliniambia kwa sauti ya chini, "Mke wangu, kama ningeishika tena ile senti yangu." Mke wangu ndivyo anavyoniita tangu utotoni, kama wazee wengi wanavyowaita wajukuu wao wa kike.

Usiku huo nilishika simu na kuanza kutafuta kwenye intaneti. Nusu saa haikwisha kabla sijampata muuzaji mwenye picha safi na maneno matamu. Alinieleza kuwa senti kumi ile ina jina la Mfalme Edward VIII wa Uingereza, aliyerithi kiti Januari 1936 na kukiacha Desemba mwaka huo huo kabla hata ya kutawazwa. "Kwa hivyo ni adimu mno," akasema. Bei ilikuwa Sh4,500, na eti kulikuwa na mteja mwingine aliyekuwa akiingoja, kwa hivyo nilipe mara moja.

Msomaji, historia hiyo ni ya kweli tupu. Alilonificha ni kwamba sarafu hizo zilitengenezwa kwa mamilioni, na hata leo si shida kuzipata. Tapeli hodari hasemi uwongo mtupu. Hukupa ukweli nusu, nusu ya pili ukaijaza wewe mwenyewe kwa tamaa yako.

Nilipotuma pesa kwa M-Pesa, jina lililotokea kwenye simu halikuwa lile alilonipa. Niliona. Nikajiambia huenda ni simu ya mkewe. Dakika kumi baadaye namba yake haikupatikana tena, na haijapatikana hadi leo. Pesa zile zilikuwa za basi la shule la mtoto wetu. Nilipomweleza mume wangu hakunigombeza, na afadhali angenigombeza.

Niliripoti kituo cha polisi na kupewa namba ya OB. Kisha nikampigia mpwa wangu, mwanafunzi wa chuo kikuu anayeishi Kibera.

"Shangazi," akaniuliza, "ulimwomba akupigie picha ya sarafu ikiwa juu ya karatasi yenye jina lako na tarehe ya leo? Ulitafuta kama picha ile iko kwingine?"

Sikuwa nimefanya hata moja. Yeye alitafuta papo hapo, akaikuta picha ile ile kwenye duka la ng'ambo. Yule bwana hakuwa na sarafu yoyote.

Tulianza upya, sasa kwa utaratibu. Tuliwauliza wauzaji watatu maswali yale yale. Wa kwanza alikasirika kuombwa picha mpya. Wa pili alitaka nusu ya pesa kwanza. Wa tatu, mzee mmoja wa Kibera, alituma picha za pande zote mbili bila kusita, kisha akaongeza ambalo hatukumuuliza: "Mama, hii si adimu. Halafu yangu ina mkwaruzo upande mmoja. Nitakuachia kwa Sh300, na usinilipe mpaka uishike mkononi."

Nilijua hapo hapo kuwa nimempata mtu. Mwenye bidhaa anayetaja kasoro ya bidhaa yake anajua kesho atakutana nawe tena.

Jumamosi mchana niliteremka Naivasha Road hadi Ngong Road, nikaenda hadi kibanda cha fundi wa redio karibu na soko la Toi, mahali penye watu wengi. Fundi alitoa sumaku ya spika mbovu. Shilingi moja yenye twiga, ya toleo la 2018, ilinaswa mara moja, kwa kuwa ndani yake mna chuma cha pua. Senti kumi haikutikisika, kwani shaba nyeusi hainaswi na sumaku. Mzee mwenyewe alinionya kuwa sumaku hufichua uwongo wa aina moja tu, kwani bandia pia huweza kuwa ya shaba. Kisha akanionyesha herufi ndogo H, alama ya kiwanda cha Heaton cha Birmingham. Nikalipa, na safari hii jina la M-Pesa lilikuwa lake. Akaniandikia risiti.

Kwa wanaonunua kutoka mbali, alinipa mawaidha haya. Anza na sarafu ya bei ndogo. Tazama bei ambazo watu wamelipa kweli, si zile wauzaji wanazotaja tu. Uliza kabla ya kulipa kama unaweza kuirudisha. Na kwa sarafu ghali, kama rupia ya Mombasa ya 1888, tafuta iliyokaguliwa na kampuni kama NGC au PCGS za Marekani, kisha uhakikishe namba ya kifuko chake kwa kampuni yenyewe.

Wenye sarafu ya Sh40 ya mwaka wa 2003, ile yenye picha ya Rais Kibaki, nao wajihadhari na wanaodai kuinunua kwa malaki ya pesa. Anayekuambia ulipe ada ya usajili ndipo akununulie, huyo anawinda ada.

Babu alikuwa amerudi nyumbani nilipompelekea. Aliipapasa kwa kidole gumba, akanyamaza, kisha akasema, "Hii si ile yangu. Yangu haikuwa na mkwaruzo."

"Si ile, Babu."

Aliitazama tena, akaomba uzi, akaifunga pamoja na ufunguo wake mpya.

"Ulilipa ngapi, mke wangu?"

"Mia tatu."

Zile elfu nne na mia tano sikumtajia. Nimekusimulia wewe, msomaji, ili zako zibaki mfukoni. Kuuliza si ujinga.