Barua ya Mwenyewe

Mwanamke amesimama dirishani. Njiwa ametua mkononi mwake, na mkono wa pili umeshika barua kifuani. Pembeni kuna kitambaa alichokuwa akidarizi: Cupid, mungu wa mapenzi wa Warumi, amefungwa macho. Picha hii ya rangi za maji inaitwa Love's Messenger, yaani Mjumbe wa Mapenzi. Marie Spartali Stillman aliichora mwaka 1885, na iko Delaware Art Museum, Marekani. Mimi nimeikuza kwenye simu tu, hapa Kasulu, mpaka bando likakata.

Wapo wanaoiona laini mno, kama jalada la riwaya ya mapenzi. Lakini mchoraji huyu alijua kusubiri. Alizaliwa 1844 katika familia ya wafanyabiashara wa Kigiriki walioishi Uingereza. Mwaka 1871 akaolewa na mwandishi wa habari wa Kimarekani, William Stillman, wazazi wakipinga. Mume alikuwa mtu wa safari. Sisi wa kazi hii tunajua nyumbani wanavyoishi kwa kusikilizia simu.

Na huku kwetu kusubiri kuna sura yake. Muha na Mrundi wanasikilizana lugha, ila mpaka na vita vimetenganisha wengi. Kambi ya Nyarugusu, Kasulu, ilifunguliwa 1996 kwa ajili ya Wakongo. Nduta, Kibondo, ikafunguliwa tena 2015 kwa Warundi. Kwa waliopoteana, Msalaba Mwekundu hupeleka ujumbe wa familia: karatasi fupi, isiyofungwa, habari za ndugu tu. Njiwa huyu habebi siri.

Nduta nilikutana na mama aliyepokea karatasi kama hiyo kutoka kwa mumewe. Nikamwuliza, kikazi, imesemaje. Akaikunja mara nne, akaifunga kwenye pindo la kitenge.

"Wameshaisoma wengi njiani, mwanangu. Sasa ni yangu."

Habari niliyotuma haikuwa na yaliyomo kwenye karatasi ile, na ilitoka hivyo hivyo.

Ndiyo maana naitetea picha ya Stillman. Katuonyesha njiwa, dirisha, hata uzi wa kudarizi, lakini barua yenyewe hatuisomi. Mwanamke anayesubiri husemwa na kila mtu. Huyu kaachiwa kitu kimoja kisichotuhusu, na mimi naona hayo ndiyo mapenzi yaliyomo kwenye picha.