Peleka utafiti, mahubiri yaache nyumbani

Vijana wenzangu mlioko vyuoni, leo nina neno na wale wanaosoma sayansi Jumatatu hadi Ijumaa, halafu Jumapili wako kwaya. Nyie ndio mnaobanwa kotekote. Darasani mnaulizwa kama bado mnaamini hadithi za bibi. Kanisani mnaombewa elimu isije ikawapoteza. Mwishowe mtu anazoea kunyamaza pande zote mbili, na utafiti alioufanya kwa hela ya bumu unaishia kabatini idarani.

Ukimya huo unaweza kuvunjwa kwenye mikutano ya wanasayansi Wakristo. Marekani kuna chama kinaitwa American Scientific Affiliation, kilichoanzishwa mwaka 1941. Wanachama wake hukutana kila mwaka, na wanafunzi nao huwasilisha kazi zao. Ninachokipenda ni kwamba chama chenyewe hakichukui upande katika mambo ambayo Wakristo wanatofautiana kwa nia njema. Watu wanajadiliana, basi. Uingereza nako wako Christians in Science.

Najua utaniuliza: mimi nani hata nikasimame mbele ya maprofesa? Haya, mkumbuke Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa kidato cha tatu Magamba, aliweka kwenye friji mchanganyiko wa aiskrimu ukiwa bado moto, ukaganda kabla ya ule wa mwenzake ambao haukuchemshwa. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa kule Iringa, alimuuliza swali hilohilo Denis Osborne, mwalimu wa fizikia kutoka chuo kikuu Dar es Salaam. Wenzake wakacheka. Osborne akaenda kulijaribu. Mwaka 1969 makala yao ikachapishwa, na wanasayansi wanaibishania hadi leo. Wangebishania nini kama kijana angeogopa kicheko?

Na usidhani ukisimama tu utashangiliwa. Gregor Mendel, mtawa wa Kikatoliki, alisoma utafiti wake wa njegere mbele ya chama cha sayansi cha mji wa Brno mwaka 1865. Hawakuona uzito wake. Ila mwaka uliofuata ulichapishwa, na mwaka 1900, yeye akiwa ameshafariki, wengine wakaukuta na kuuelewa. Kama angeufungia chumbani kwake, sifa hiyo angepewa mwingine.

Sasa angalizo. Ukienda huko, usigeuze mkutano kuwa uinjilisti. Kama mbegu 60 kati ya 100 hazikuota, sema 60. Mungu unayemwamini hahitaji umsaidie kwa kupunguza namba. Wakikupigia makofi kwa sababu umetaja jina la Yesu tu, umerudi mikono mitupu. Unachokitafuta ni mtu wa imani yako atakayekuambia bila kukuonea aibu kwamba sampuli yako ni ndogo, na asikushuku kwamba umeasi kwa kuwa umeuliza swali gumu.

Nauli? Hapo ndipo penye mlima, sidanganyi. Tiketi na viza si vya kuchangishana kwenye harusi. Lakini hakuna anayekuzuia kuanzia hapohapo chuoni. Ombeni jioni moja kwenye fellowship yenu. Kila mtu apewe dakika 15: swali lake, alivyolitafutia jibu, alichokipata, na asichokuwa na uhakika nacho. Andikeni muhtasari wa kila kazi, ukurasa mmoja unatosha. Siku nafasi ya safari ikitokea, muhtasari uko tayari na ulimi umeshazoea.

Halafu mwalikeni yule mhadhiri anayewatania kwa sababu ya imani yenu. Mpeni kiti cha mbele, na mumwambie awe wa kwanza kuuliza.