Bola wa Laini ya Jinzi

Kriketi haikuwahi kunilipa mshahara, lakini ndiyo iliyonipa kazi. Baba alikuwa mtunza uwanja katika klabu moja ya Wahindi pale Nairobi: kukata nyasi, kuvuta rola, kutandika zulia la kuchezea kabla ya mechi. Tuliishi katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya uwanja, na wanachama walipokosa mtu wa kuwaokotea mipira wakifanya mazoezi, walituita sisi watoto. Ukiokota mipira miaka miwili mitatu, siku moja mtu atakuambia urushe mmoja, aone.

Mimi nilirusha spini, ile inayotua upande wa miguu ya mpigaji kisha ikakata kwenda nje. Inataka kifundo cha mkono kilicho laini na sugu kwenye kidole cha pete. Sugu ile ninayo mpaka leo.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne wakati Kenya ilipowashinda West Indies kule Pune, India, tarehe 29 Februari 1996. Tulikuwa na mikimbio 166 tu, kiasi ambacho hata timu ya shule ingeona taabu kukitetea. Wao wakatolewa wote kwa 93. Nahodha wetu, Maurice Odumbe, alichukua wiketi 3 kwa mikimbio 15. Baada ya siku hiyo klabu zilianza kututazama kwa jicho jingine sisi vijana wa nyuma ya uwanja. Hata hivyo hakuna aliyetaja mshahara. Klabu ilikupa sare, nauli na chakula cha mchana. Ukichukua wiketi nne au tano, mwanachama alikutilia noti mfukoni. Na ukionekana mtu wa kutegemewa, mwingine alikuombea kazi kwa jamaa yake mwenye duka, karakana au kiwanda. Waliolipwa hasa ni wachezaji walioletwa kutoka India kwa msimu, na baadhi yao, nasema bila kinyongo, hawakunizidi.

Kazi yangu ilitokea EPZ, eneo la viwanda vya kuuza nje, Athi River. Marekani ilikuwa imepitisha sheria ya AGOA Mei 2000, na tangu Januari 2001 nguo zilizoshonwa Kenya ziliingia kule bila ushuru, hata kama kitambaa kimetoka Asia. Basi kitambaa kilishushwa Mombasa, lori likakileta Athi River, tukakata, tukashona, na kontena likarudi bandarini kwa barabara ileile. Alfajiri watu walijaa mbele ya mageti wakingoja kuitwa kibarua. Mimi nilipitishwa kwa barua ya mwanachama.

Nilianza kama helpa, kukata nyuzi na kubeba bando, kisha nikakalishwa kwenye cherehani, opareta wa mifuko ya nyuma ya jinzi. Laini haimngoji mtu. Mfuko wako ukichelewa, anayeshona kiuno anakaa bure, na supavaiza anakuja kusimama nyuma yako huku akiutazama ubao wa tageti. Wasioijua kazi hudhani kushona ni mikono. Kushona kwa tageti ni shingo na mgongo. Jumapili nilipanda matatu Mlolongo, nikafika uwanjani, nikarusha ova zangu kumi, na Jumatatu mgongo uleule ukarudi kwenye kiti kisicho na egemeo.

Bosi wa laini yetu alikuwa mtu wa Sri Lanka. Viwanda vingi vya nguo pale vilileta mafundi na wasimamizi kutoka Asia. Siku moja saa ya chakula alitukuta nyuma ya stoo tukicheza kwa mpira wa vipande vya jinzi uliofungwa uzi, gongo letu likiwa ubao wa kreti. Nilidhani tumekwisha. Akavua saa, akachukua ubao, akaniambia, "Rusha." Mpira wa tatu ulimpita. Tangu hapo aliniita Spina, na nilipoomba ruhusa ya kuondoka mapema Jumamosi ya ovataimu kwa sababu ya mechi, nusu ya mara aliikubali.

Januari 2003 hata urafiki huo haukufaa kitu. Serikali mpya ya Kibaki ilikuwa imeingia mwishoni mwa Desemba, watu wakaamini mambo yamebadilika kweli, na EPZ ikajaa migomo. Tulidai mshahara wa kumtosha mtu na ovataimu ilipwe kama ovataimu. Geti letu lilifungwa siku kadhaa. Tuliporudi tuliongezwa kidogo, na baadhi ya wenzetu hawakuitwa tena.

Ndipo Sri Lanka yenyewe ikaja Nairobi. Tarehe 24 Februari, Jumatatu, Kombe la Dunia, uwanja wa Gymkhana, nami niko kwenye laini. Mlinzi wa geti alikuwa na redio ndogo, na habari zilipita kutoka geti hadi stoo, stoo hadi laini. Kenya 210 kwa wiketi 9. Bosi akatabasamu. Mchana tabasamu likaanza kupungua. Collins Obuya, spini kama yangu, au tuseme spini niliyotamani iwe yangu, aliwaangusha watano kwa mikimbio 24, na wao wakaishia 157. Bosi alinipa mkono mbele ya laini nzima, kisha akauliza kwa nini mifuko ya saa tisa ilikuwa pungufu.

Wako wanaosema tulifika nusu fainali kwa sababu New Zealand walikataa kuja Nairobi wakihofia usalama, tukapewa pointi za bure. Kweli tulipewa. Lakini Zimbabwe tuliwashinda uwanjani, na Aasif Karim, mtu aliyekuwa amekwisha kustaafu, aliwachukulia Australia wiketi 3 kwa mikimbio 7. Nusu fainali yenyewe, tarehe 20 Machi kule Durban, niliitazama katika hoteli moja ya Athi River, nikiwafafanulia mafundi wa saruji ova ni nini. India walipata 270. Sourav Ganguly peke yake alikuwa na 111. Sisi tulitoka kwa 179, Steve Tikolo akiwa na 56. Hakuna aliyeondoka kabla ya wiketi ya mwisho, ingawa chai ilikuwa imeisha.

Mwaka uliofuata wachezaji wa taifa nao waligoma kwa sababu ya malipo. Niliposikia madai yao nilidhani nasoma karatasi yetu ya Januari. Kisha 1 Januari 2005 mgao wa nguo duniani ukaondolewa, wanunuzi wakahamia China, na viwanda kadhaa vya EPZ vikafunga. Laini yetu ilipunguzwa nusu. Bosi alirudi kwao. Mwaka 2014 Kenya ikapoteza hadhi ya mechi za kimataifa za siku moja, na fedha na wageni waliokuja nayo wakapungua. Nimeishi kwa hati mbili, moja ya Washington na nyingine ya wakuu wa kriketi duniani, wala hakuna aliyewahi kunionyesha hata moja.

Siku hizi mimi ni mwamuzi wa mechi za Jumapili, na jioni nawafundisha vijana wa Athi River spini kwenye kiwanja cha vumbi. Muda wa AGOA ulipofika ukingoni Septemba 2025, mmoja wao, opareta, alinifuata akiwa na hofu ya kazi.

"Mzee, nikiingia klabu watanilipa?"

"Nauli na chakula, kijana wangu."

Akafikiri kidogo. "Chakula ni cha mchana, ama ni chai tu?"