Nyumbani kwa Giemsa

Kwa miaka kumi na tisa nimelisoma jina la Giemsa kwenye chupa ya kahawia iliyo juu ya sinki la maabara yetu, Muheza, na sikuwahi kufikiri kwamba ni jina la mtu. Tulilitamka kama tunavyotamka chumvi. "Gimsa imebaki robo." "Nani kaacha gimsa bila kifuniko?" Madoa yake ya zambarau yako kwenye vidole vyetu na kwenye makoti yetu meupe, na mke wangu alishakata tamaa ya kuyafua. Basi nilipopelekwa Hamburg kwa mwezi mmoja wa mafunzo, na mwenyeji wangu akanionyesha jengo la matofali mekundu lililo juu ya bandari na kuniambia, "Gustav Giemsa alifanya kazi humu," nilishtuka kama mtu aliyeambiwa kwamba Sukari alikuwa na shemeji.

Hamburg ni bandari isiyo na bahari. Mtu wa Tanga hushuka kwenye gati la Landungsbrücken, akaona vivuko na shakwe na meli zilizopanga makontena kama maghorofa, akavuta pumzi kutafuta harufu ya chumvi, asiipate. Ni mto, Elbe, na bahari yenyewe iko mbali, kiasi cha kilomita mia moja. Shakwe wake hawana adabu: mmoja alininyang'anya mkate wenye samaki kabla sijaamua niung'ate upande gani. Samaki wenyewe hawapikwi, hulowekwa kwenye siki na kuwekewa kitunguu kibichi, na watu huwala asubuhi, wamesimama, kwenye upepo unaokata masikio. Nilimkumbuka mama ntilie wetu wa stendi na supu yake, nikanyamaza.

Kuanzia mwaka 1890 meli za Deutsche Ost-Afrika-Linie zilitoka hapa kuja pwani yetu, na ziliporudi hazikubeba pembe na mpira tu, zilibeba pia mabaharia wenye homa. Mwaka 1892 kipindupindu kiliua watu zaidi ya 8,000 mjini humu. Baada ya hapo mji ukamweka Bernhard Nocht kuwa daktari wa bandari, na mwaka 1900 akafungua taasisi ya magonjwa ya nchi za joto ambayo leo ina jina lake. Giemsa, aliyekuwa mfamasia, akapewa idara ya kemia. Na kabla ya hapo, kati ya 1895 na 1898, alifanya kazi ya ufamasia katika Afrika Mashariki ya Kijerumani. Kwetu, yaani. Rangi iliyotufikia ndani ya chupa ilitengenezwa na mtu aliyekwisha kutufikia mwenyewe, ingawa hatukumwalika.

Kwa ambaye hajawahi kuchungulia hadubini, ambayo sisi wa maabara tunaiita darubini na walimu wa Kiswahili wanatukaripia: damu isiyotiwa rangi haisemi kitu. Ni vivuli vya duara juu ya mwanga. Mwaka 1891, huko St. Petersburg, Dmitri Romanowsky alichanganya bluu ya methilini na eosini, ambayo ni nyekundu, akapata rangi ya tatu ambayo hakuitia: zambarau, iliyokwenda moja kwa moja kwenye kiini cha kimelea cha malaria. Lakini mchanganyiko wake ulikuwa kama ugali wa mpishi mlevi, leo laini, kesho madonge. Giemsa aligundua ni sehemu ipi ya ile bluu iliyofanya kazi, akaipima kwa mizani, akaongeza gliserini na methanoli, rangi ikatulia. Aliichapisha mwaka 1904. Ndiyo tunayoichuja kila asubuhi, tukaizimua kwa maji ya bafa yenye pH 7.2, tukaimwaga juu ya utando mnene wa damu na kusubiri dakika kumi na kitu, macho kwenye saa ya ukutani. Kisha tone la mafuta, lenzi ya mia, na pale penye vivuli sasa pana vipete vya bluu vyenye kito chekundu.

Maabara iliyonipokea, ambayo si ya taasisi ile, haina fito mbili za kioo zilizovuka sinki kama yetu. Slaidi huning'inizwa kwenye kikapu, mashine ikazichovya yenyewe bakuli hadi bakuli, kisha ikalia kama simu. Aliyenifundisha ni mwanamke mwenye mvi fupi na miwani miwili, mmoja machoni na mmoja kichwani. Wenzake wamefanya naye kazi miaka mingi na bado wanamwita Frau na jina la ukoo, naye anawajibu vivyo hivyo. Siku ya kwanza nilimwita mama. Aligeuka kutazama nyuma yake. Nilipomweleza kuwa ndiyo heshima yetu, alifikiri kidogo, akasema niendelee, ila si mbele ya daktari mkuu.

Siku ya nne ikaingia slaidi ya malaria. Kwa nchi nzima wagonjwa wao huwa mia kadhaa, mwaka mwingine hufika elfu hivi, na karibu wote wameitoa safarini. Kwa hiyo slaidi ile ilipokelewa kama bibi harusi. Waliitwa watu wa ghorofa ya juu. Mwanafunzi mmoja alipiga picha. Niliombwa nihesabu, nikahesabu, na walinitazama kama tunavyomtazama mtu akweaye mnazi bila kamba. Ilikuwa mara ya kwanza na ya mwisho huko kuwa hodari wa kitu.

Maana baada ya hapo wao walianza kuhesabu, na kile walichokihesabu kilinichanganya. Kwetu vimelea huhesabiwa dhidi ya seli nyeupe: ukifika seli nyeupe 200 unasimama, unazidisha vimelea ulivyopata kwa 8,000, unagawa kwa 200, unaandika. Seli nyeupe ni kete tu. Zinatusaidia kujua mchezo umefika wapi, mchezo ukiisha tunazisahau. Mama yule alichukua slaidi ya utando mwembamba, iliyotiwa rangi mara mbili kwa njia wanayoiita Pappenheim, kwanza rangi ya May na Grünwald kisha ya Giemsa, akaanza kuzitenga kete zenyewe kwa ukoo: neutrofili, limfosaiti, monosaiti, eosinofili. Kila aina ina kitufe chake kwenye kimashine kinachogonga, tak, tak, hadi mia. Vimelea havikuwepo, wala hakuvitafuta. Nilimuuliza anatafuta nini. Akasema, "Dawa."

Wana dawa ya maumivu na homa iitwayo metamizol, ambayo Wajerumani huimeza kama sisi tunavyomeza panado, ijapokuwa Uingereza na Marekani haiuzwi. Iliingia sokoni mwaka 1922. Mwaka huohuo, Berlin, daktari Werner Schultz alieleza ugonjwa uliokuwa haueleweki: koo linaoza, homa inapanda, na katika damu neutrofili zimetoweka kana kwamba zimefagiliwa. Ilichukua zaidi ya miaka kumi hadi lawama kuifikia aminopirini, ndugu wa karibu wa metamizol. Ni jambo la nadra, lakini mpaka leo mtu aliyemeza metamizol akija na koo linalouma, hawamtazami koo peke yake. Seli ambazo mimi huzitumia kuhesabia, kwao ndizo zinazotoa ushahidi.

Alasiri moja alinidunga kidole ili tufanye mazoezi. Kwenye mia yangu alikuta eosinofili kumi na moja, wakati kwao zikizidi tano au sita wanaanza kuuliza maswali. Ni seli nzuri kuliko zote, zimejaa punje za rangi ya machungwa yaliyoiva. Paul Ehrlich ndiye aliyezitambua, mwaka 1879, kwa kuwa zinaifyonza eosini, na jina la rangi hiyo limetokana na neno la Kigiriki la alfajiri. Aliinua uso, akanitazama juu ya miwani.

"Unatumia dawa gani?"

Nilicheka. Nilimwambia, mama, mimi ni wa Muheza. Ikabidi nimweleze habari za minyoo, na za mabusha na matende, na kwamba kwetu mtu mwenye eosinofili nyingi hatumwulizi dawa alizokunywa, tunamtafutia choo chake kikapimwe. Alisikiliza kwa makini, akaandika. Rangi ni ileile, seli ni ileile, lakini mshukiwa wake wa kwanza si wangu. Usiku, chumbani, nilianza kujiuliza ni wangapi niliowabebesha minyoo katika miaka kumi na tisa bila kuwauliza neno.

Lililonitia uchungu zaidi lilikuja wiki ya tatu. Wapo watu, na kwetu pwani si wachache, waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kinachoitwa G6PD. Wakipewa dawa kama primakwini au dapsoni kwa kipimo cha kutosha, seli zao nyekundu hupasuka, macho yakawa manjano na mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi. Kabla ya kupasuka, himoglobini iliyoharibika hujikusanya kuwa vipunje ukingoni mwa seli, vipunje ambavyo Robert Heinz aliviona mwaka 1890. Mama alinionyesha damu hiyo kwenye slaidi ya Giemsa. Sikuona kipunje hata kimoja. Akachukua damu ileile mbichi, haijakaushwa wala kuoshwa kwa methanoli, akaichanganya na methili vayoleti, akanisogezea hadubini. Vilikuwa vimejaa, vyeusi, kama mbegu za papai zilizobandikwa kwenye ukuta.

Rangi yangu haivioni. Imeumbwa kuona kimelea na inakiona vizuri mno, lakini kwa hili ni kipofu. Na ndani yake mna kitu kingine: ile bluu ya methilini iliyoizaa iliwahi kuwa dawa yenyewe. Mwaka 1891 Ehrlich na Paul Guttmann waliwapa wagonjwa wawili wa malaria huko Berlin, kwa hoja kwamba kinachomshika mdudu kwenye kioo huenda kikamshika mwilini. Walipona. Mkojo wa anayeinywa hugeuka kijani au bluu, ambalo ni jambo la kucheka; lakini kwa mwenye upungufu wa G6PD bluu hiyohiyo inaweza kupasua damu.

Katika treni ya kwenda kazini alikuwa akipanda mzee mmoja, nadhifu, mikono yake mifupi imeanzia karibu na mabega. Alifungua gazeti kwa ustadi ambao mimi mwenye mikono mirefu sina. Mama aliniambia huko wanaitwa watoto wa Contergan, ingawa sasa wana mvi. Contergan ni jina ambalo thalidomaidi iliuzwa nalo Ujerumani Magharibi kuanzia Oktoba 1957: dawa ya usingizi, iliyotangazwa kuwa haina madhara, na wajawazito waliitumia kutuliza kichefuchefu. Aliyepiga kelele ni daktari wa watoto wa hapahapa Hamburg, Widukind Lenz. Hakukuwa na rangi ya kuonyesha kosa lile. Aliwaendea akina mama na kuwauliza walikuwa wamekunywa nini. Novemba 1961 dawa ikaondolewa sokoni; kwa jumla watoto wanaokadiriwa kuwa zaidi ya 10,000 duniani waliguswa.

Labda ndiyo maana karatasi iliyo ndani ya pakiti ya dawa Ujerumani inakunjuka mpaka inafunika meza. Nilinunua vidonge vya mafua, nikaikunjua kitandani. Madhara yamepangwa kwa daraja: yanayompata zaidi ya mtu mmoja kati ya kumi, mmoja kati ya mia, hadi yale yasiyofika mmoja kati ya elfu kumi. Nilipomaliza kuisoma mafua yalikuwa yamepona.

Mama aliniuliza sisi tunayaitaje. Nilimwambia kwenye vitabu ni madhara ya dawa, na kliniki wana neno maudhi, lakini mtu wa kawaida husema dawa imenikataa. Alilipenda sana hilo, kwamba dawa ndiyo yenye hiari. Nikamwambia habari za klorokwini ya utotoni, ilivyotuwasha viganja na nyayo bila upele wowote, nikawa najisugua kwa gunzi la hindi usiku kucha. Aliuliza ilionekana vipi kwenye damu. Haikuonekana. Aliyejua ni mwenye kuwashwa tu. Wazungu ni wachache waliowashwa nayo. Sisi tulio wengi hatukuwa na mahali pa kuliandika hilo.

Mahali pa kuandika sasa papo. Fomu za njano zimo kwenye droo yetu, chini ya boksi la glavu, na taarifa zikishapita Dodoma na Dar es Salaam huishia Uppsala, Uswidi, ambako tangu 1978 hukusanywa za nchi nyingi. Sijui kwa nini niliporudi ilinichukua wiki mbili kulisogeza boksi lile.

Mwanamke aliketi kwenye benchi, akanyoosha kidole kabla sijamwambia. Malaria hana, kipimo cha haraka kilishasema. Lakini daktari alitaka slaidi, na kwa kuwa nimetoka Hamburg na bado nina kiburi cha huko, nilipaka utando mwembamba pia. Eosinofili zilikuwa kumi na nane katika mia. Mkono wangu ulishaanza kuandika choo kipimwe. Nikarudi benchini.

"Shangazi, umekunywa dawa gani karibuni?"

Alinitazama kama yule mama alivyotazama nyuma yake siku ile. Kisha akashika pindo la kanga, akaanza kufungua fundo. Ndani mlikuwa na karatasi ya daftari iliyokunjwa, na ndani ya karatasi vidonge vya aina tatu, viwili vyeupe na kimoja cha waridi, havina pakiti wala jina.